Kondoo wa Keyvan

Baba alimdanganya daktari, tena uongo mkavu.

"Aliteleza bafuni," alisema. Kaka yangu Keyvan akatazama sakafu na goti lake lililovimba.

Daktari Tavakoli, mwanamke wa makamo, alikuwa ameinua picha ya skani dirishani. Yeye ndiye aliyemwekea Keyvan mshipa mpya wa goti mwaka jana, baada ya ule aliozaliwa nao kukatika katika mazoezi ya mieleka. Sasa na huo mpya ulikuwa umekatika, na hakuelewa kwa nini.

"Mashimo niliyotoboa mfupani yako mahali pake," alisema. "Lakini mshipa ukikatika kwa kuteleza tu, maana yake haukushikana na mfupa. Itabidi nimpasue mara mbili. Kwanza nijaze mashimo, tungoje mfupa uote, ndipo niweke mshipa mwingine."

"Mara mbili?" Keyvan aliuliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto.

"Ndiyo, mwanangu. Labda mwaka na nusu mpaka utembee vizuri."

Nilimtazama Baba. Anajipangusa jasho, anajifanya hamnazo. Nikaona nikinyamaza, mwanamume huyu atakubali mwanawe akatwe mara mbili ili yeye asione haya mara moja.

"Hakuteleza, daktari," nikasema. "Alibeba kondoo."

"Golnesa!" Baba akafoka.

"Kondoo gani?" daktari akauliza, ingawa naye ni mtu wa kwetu Mazandaran, ambako mshindi wa mieleka hupewa kondoo, na alishaanza kuelewa.

Nikamweleza. Mieleka ya mavuno kijijini kwetu, Baba akaandikisha jina la Keyvan bila kumuuliza. Keyvan akashinda, goti zima kabisa, hata mimi nilipiga vigelegele. Kisha ikaja zawadi, kondoo dume mnono, na mshindi sharti amweke mabegani azunguke naye uwanja. Mwamuzi mwenyewe alisema, kijana ana goti bovu, abebewe. Baba akapaza sauti watu wote wakasikia: "Mwanangu habebewi!" Katikati ya uwanja goti likalia. Mnyama akamwangukia.

Daktari aliketi. "Bwana Nosrat, nilikwambia mwaka mzima asipigane."

"Kupigana alipigana vizuri," Baba akajibu. "Hilo halikumuumiza."

Nilitamani kumtemea mate, Mungu anisamehe.

"Basi mfupa hauna kosa," daktari akasema. "Nitampasua mara moja. Ila mishipa ya paja la mguu huu nilishaichukua kutengenezea ule uliokatika. Safari hii nitachukua ya ule mguu mzima."

Keyvan akapapasa goti lake zima. "Na mieleka?"

"Hapana, mwanangu. Mieleka imekwisha."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa.

Njiani kurudi Baba alimpa Keyvan kisogo. Alisema nami, sentensi moja tu: "Umenivua nguo mbele ya mwanamke."

"Mwanao atakatwa mara moja," nikamjibu. "Nguo utavaa nyingine."

Tulipofika nyumbani, kondoo alikuwa pale pale uani, amefungwa utepe mwekundu shingoni. Baba alikuwa amekataza asichinjwe, wageni wapate kumwona. Keyvan alisimama na magongo yake chini ya ngazi, akingoja mkono.

Baba alimpita, akaenda kumpa kondoo maji.