Hisa za Shilingi Themanini

Odeta binti Shimba hakuwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hakuwa na mpango wa kuanza akiwa na miaka sitini na mmoja. Ishirini na mitano kati ya hiyo aliimaliza kwenye mnada wa ng'ombe wa Kisesa, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wenye fimbo na maneno mengi. Basi mwanawe Nestory alipotoka Mwanza mjini na kusema, "Shikamoo mama, nimekuletea bahati," Odeta aliitikia marahaba huku machale yanamcheza. Mtoto wake wa kumzaa, jamani! Lakini ndivyo ilivyokuwa, nifiche nini?

Bahati yenyewe ilikuwa hisa za Ziwa Baridi, kampuni ndogo inayotengeneza barafu na kuhifadhi samaki kule Igombe, ufukweni. Ilikuwa na miaka miwili tu kwenye soko la hisa.

"Hisa moja shilingi themanini, mama! Siku hizi themanini unapata nini? Uza wale ng'ombe kumi na wawili wa Bujora, uzinunue."

Hao kumi na wawili ndio uzee wa Odeta. Marehemu mumewe hakumwachia pensheni wala nyumba ya kupangisha. Alimwachia ng'ombe, na siku Odeta akilazwa, ng'ombe ndio watakaolipia kitanda.

"Themanini si hoja," alisema. "Mkia wa ng'ombe nao ni rahisi. Kampuni nzima inauzwa ngapi?"

Nestory akatabasamu, tena haraka, akatoa karatasi mfukoni. Hisa milioni kumi na tano mara themanini: bilioni moja na milioni mia mbili. "Hiyo ndiyo thamani yake sokoni. Na faida ya mwaka jana ni milioni mia na ishirini. Miaka kumi tu, kampuni imerudisha bei yake yote. Wapi utapata kitu kama hicho?"

Odeta akairudia hesabu kwenye simu. Ilikuwa sahihi. Kilichomkera ni ile karatasi kuwa tayari mfukoni, kama vile swali lenyewe lilikuwa linasubiriwa. Akaomba siku tatu za kufikiri.

Siku ya pili alikwenda Igombe bila kumwambia mtu. Kiwanda hakikuwa cha uongo. Aliona vyumba vitatu vya baridi, malori manne, mashine ya barafu inanguruma na wavuvi wamepanga foleni na makreti yao. Akasimama getini anawaza. Vyote hivi, na kiwanja cha ufukweni juu yake, kwa bilioni moja na ushee? Mbona rahisi hivyo? Mnadani, ng'ombe mnono akitajwa kwa nusu bei, mwenye akili hafungui pochi, anauliza kwanza ng'ombe ana nini.

Hapo ndipo likamjia jambo ambalo kila Msukuma mwenye mifugo analijua. Ng'ombe wote hawawekwi zizi moja. Kwake Kisesa walikuwepo watano tu. Wale kumi na wawili aliwakabidhi kwa shemeji yake Maige, Bujora. Maige anawatunza na maziwa anakunywa yeye, ila ng'ombe ni wa Odeta. Mgeni akihesabu zizi la Kisesa peke yake, ataondoka na hesabu safi kabisa, na atakuwa amekosea.

Akaingia ofisini. Binti wa mapokezi, Dorcas, akampa kiti na taarifa ya mwaka.

"Mwanangu, hisa za kampuni yenu ni hizi milioni kumi na tano tu?"

"Hizo ni zilizouzwa kwa wananchi, bibi. Wenye kampuni wanazo nyingine milioni mia mbili themanini na tano. Jumla ni milioni mia tatu."

Loh! Milioni mia tatu mara themanini: bilioni ishirini na nne. Kwa faida ile ile, kampuni ingerudisha bei yake baada ya miaka mia mbili. Odeta alitazama nje, akayahesabu upya malori. Yalikuwa manne vilevile.

Siku ya tatu Nestory alifika na fomu na kalamu.

"Umenihesabia zizi moja," Odeta akamwambia.

"Mama, za wenye kampuni haziuzwi, ndiyo maana sikuzitia."

"Lakini faida ikigawanywa nao wanakula. Au wanafunga?"

Odeta hakumwachia nafasi. "Na mimi ananiuzia nani? Sijawahi kununua ng'ombe bila kumwona mwenye ng'ombe. Kampuni ilishauza za kwake miaka miwili iliyopita. Mwenye hizi ni nani?"

Kijana akaanza kucheza na kalamu. Mwisho akasema, "Ni zangu, mama. Nilizinunua kwa mia na hamsini. Miezi mitano nimeziweka sokoni, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hiyo themanini imeandikwa tu."

"Ndipo ukanikumbuka mimi."

Hasira ilimpanda, na uchungu ukaizidi hasira. Alimnyonyesha huyu! Akachukua simu, akampigia Maige ili amwonye kwamba ng'ombe asitoke hata mmoja bila yeye mwenyewe kuwepo, hata akija nani.

"Mbona sikuelewi, shemeji," Maige alisema, na nyuma yake sauti za watu na kwato zikasikika. "Nestory si alileta mnunuzi juzi, akasema umemtuma? Lori liko hapa. Tumeshapakia wanne."

"Washushe, Maige! Washushe wote, nakuja!"

Odeta akajifunga kanga, akatoka.

"Mama, ngoja nikupeleke, pikipiki yangu ipo hapo nje."

Odeta alikuwa ameshafika barabarani, anampungia mkono bodaboda asiyemjua.