Meno ya Reki ya Ćamil

Miaka arobaini Ćamil aliwachongea watu wa mlima ule reki za mti za kukusanyia majani makavu, na meno yake hakuyatoa popote ila kwenye kozokrvina, kichaka cha korongoni kichanuacho maua meupe mawili mawili kama mapacha, ambacho mti wake ni mgumu mfano wa mfupa. Mwaka huu magoti yalimlemea, hakushuka korongoni. Alichonga meno kwa mti laini wa kando ya kijito, akayapaka mafuta yakang'aa, na alipoulizwa akaapa kuwa ni yale yale.

Reki hiyo ikamfikia Devleta, mkaza mwana wa Bibi Zejfa, aliyeolewa theluji ilipoyeyuka. Siku ya ujima wa majani ya Zejfa ndiyo siku bibi harusi hutazamwa mkono wake na ukoo mzima. Jua halijapanda, meno manne yalikwisha kukatika, na hapana asiyejua kwamba jino likisalia majanini huweza kumtoboa ng'ombe tumbo, na Zejfa alikuwa na ng'ombe mmoja tu.

Wanawake wakachekea mitandioni. Ragib, jirani asiyeuweza ulimi wake, akasema, "Meno ya mzee Ćamil hayavunjiki, jamani. Huyu anakusanya majani au analima?"

Zejfa akainamisha uso. Devleta akamwendea Ćamil, ambaye naye alikuja ujimani, kwa adabu, akamwomba radhi kwa kuiharibu kazi ya mikono yake. Naye Ćamil akamsamehe.

Ilipoingia adhuhuri walitandaza makoti, wakamtanguliza Ćamil awasalishe kama ilivyo ada. Akaelekea kibla, akainua mikono. Takbiri ikakataa kutoka. Akageuka.

"Asalishe mwingine," akasema. "Niliapa kwa Mungu uongo. Meno yale ni mti wa kijitoni. Binti huyu hana kosa."

Akatangulia mwingine. Walipokwisha kusali, Ćamil alipiga magoti akapekua majani kwa vidole. Akapata meno matatu. La nne akalitafuta hata kucha zikatoka damu. Devleta akachutama kando yake, akalitoa mfukoni mwa aproni.

"Hili hapa, babu. Nimelificha tangu asubuhi. Baba yangu naye huchonga reki. Kozokrvina ina kitobo katikati, hili halina."

"Basi radhi uliniomba ya nini?"

"Ulikuwa mbele za watu, babu."

Ćamil akalipokea jino. Magoti yalimwuma, lakini hakuinuka, kwani angeinuka ingemlazimu kumtazama usoni.