Gari Lililokataa Kutingishika

Mkaguzi wa magari alilipima gari la Bi Mboni kwa mikono yake miwili tu. Aliweka viganja juu ya buti, akakandamiza kwa uzito wake wote, akaachia, akasogea pembeni kuhesabu. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena. Alipofika saba, lilikuwa bado linacheza kama kitanda cha kamba kilichorukiwa na watoto. Akaandika kwenye karatasi: shokomzoba za nyuma zimekufa, zibadilishwe, gari lirudi Jumatatu saa mbili asubuhi. Lisiporudi, au likirudi lilivyo, namba ya teksi itafutwa.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Agosti 1956. Bi Mboni aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani. Alikuwa mjane, fundi cherehani wa Mtaa wa Narung'ombe, mwanamke aliyemaliza shule wakati ambapo wenzake walikuwa wakitolewa darasani waende kuchezwa unyago. Mumewe alimwachia vitu viwili: gari la Kimarekani la mwaka 1941, na namba ya teksi iliyobandikwa juu yake. Gari lingeweza kununuliwa jingine. Namba haikuweza kupatikana. Waombaji walikuwa wamejaa kitabu kizima, na kitabu kilikuwa kimefungwa.

Shemeji yake Awadhi, ndugu mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa dereva. Alipopewa habari alicheka.

"Shemeji, ukilikaza gari hili umeliua. Watu wa harusi wanatutafuta kwa sababu linabembea. Kule Magomeni wanaliita Bembea. Umewahi kusikia teksi nyingine yenye jina?"

"Mkokoteni wa Uwesu una jina," alisema Bi Mboni. "Na punda wake pia analo."

"Wanasema kukaa humo ni raha."

"Nani aliyesema? Yule aliyetapika, au yule aliyetapikiwa?"

Awadhi alikuwa ameliendesha gari hilo miaka minne bila kujua shokomzoba hufanya kazi gani; alidhani ndiyo inayobeba mzigo. Bi Mboni alimwuliza fundi swali hilo mara moja akaelewa. Springi ndizo zinazobeba gari. Shokomzoba ni bomba lenye mafuta na fimbo inayoingia na kutoka kwa taabu, na kazi yake ni kuzizuia springi zisiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Ikifa, gari halianguki. Linakuwa pumbavu tu, na wapumbavu hulipenda.

Fundi mwenyewe aliitwa Pius, mtu wa Masasi, mwenye banda la mabati kule Gerezani. Alhamisi waliongozana wote watatu hadi dukani kwa Jamnadas, aliyeuza vipuri. Jamnadas alipanga juu ya meza jozi mbili za shokomzoba mpya, moja nene, moja nyembamba.

Pius alishika ile nene, akaisimamisha sakafuni, akaikandamiza kwa kiganja. Haikusogea. Akakandamiza kwa viganja viwili, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hii," akasema, akihema. "Ngumu."

"Ya lori hiyo," alisema Jamnadas. "Wewe utakufa, mimi nitakufa, hiyo bado iko."

"Ikiwa imefungwa kabisa, fimbo yote ndani, ina urefu gani?" aliuliza Bi Mboni.

Wanaume watatu wakatazamana.

"Mama, hii watu hawapimi," alisema Jamnadas kwa upole. "Watu wanasukuma kwa mkono. Ikigoma, nzuri."

"Kwa hiyo ukuta wako huu ni shokomzoba nzuri sana."

Alitoa utepe wa kushonea shingoni, ambako ulikaa siku zote kama mkufu, akaomba kitabu cha vipimo. Kitabu kilikuwapo. Kilikuwa chini ya mguu mmoja wa mizani, kuizuia isiyumbe. Champaben, mke wa Jamnadas, ndiye aliyekivuta, akakipangusa kwa ncha ya sari na kumkabidhi Bi Mboni bila kumtazama mumewe.

Bi Mboni alinakili takwimu nne. Jozi nene: ikifungwa, inchi kumi na tatu na nusu, ikivutwa yote, kumi na tisa. Jozi nyembamba: kumi na moja, na ishirini. Kisha akarudi Gerezani kulipima gari. Hakuna mshonaji mwenye akili, aliwaambia, anayempima mtu akiwa amesimama wima na pumzi kaishika, halafu ashangae gauni likipasuka akiketi. Gari nalo lipimwe limeketi.

Likiwa tupu, toka tundu la juu la shokomzoba hadi la chini palikuwa na inchi kumi na tano. Magurudumu yakining'inia juu ya jeki, kumi na tisa na nusu. Kisha akawaita wateja wake saba, wanawake wa miili iliyoshiba, akiwamo Candida wa nyumba ya pili, ambaye alihitaji nafasi ya wawili na hakuona haya kuidai. Wakajipakia kama wanavyojipakia siku ya harusi, na Awadhi kwenye usukani. Bi Mboni akaingia chini ya gari kwa kanga kuukuu.

"Kumi na tatu," alisema toka huko chini. "Ile ya lori haifungi chini ya kumi na tatu na nusu. Hawa wakikaa tu, gari litakuwa limekalia bomba badala ya springi. Umesikia, fundi?"

Pius alisikia. Hakuwa mtu wa kubisha na namba. Lakini alikuwa na neno, akalisema huku akijipangusa mikono.

"Mama, siku ya harusi gari hubeba zaidi ya hawa. Kuna vijana wa bampa."

Desturi hiyo ilikuwa ya mitaa miwili mitatu ya huko Kariakoo. Gari la bibi harusi halikufika mlangoni mpaka vijana wa upande wa bwana walipande bampa la nyuma na kulitingisha, huku wanawake wakipiga vigelegele. Gari likicheza sana, husemwa bibi harusi anatakiwa.

"Katika gari langu hakuna atakayepanda bampa," alisema Bi Mboni. "Nimekwisha mwambia Awadhi."

"Na vijana je, umewaambia?"

"Fundi, mimi napima mzigo. Sipimi upuuzi."

Akaongeza inchi moja na nusu kwa ajili ya mashimo ya Msimbazi, akapata kumi na moja na nusu. Jozi nyembamba ilifunga hadi kumi na moja. Ilibaki nusu inchi ya akiba. Akainunua. Ijumaa jioni Pius aliifunga. Alipokandamiza buti na kuachia, gari lilipanda mara moja, likarudi mahali pake, likatulia. Awadhi alilitazama kama anayetazama maiti.

Jumamosi alasiri Bi Mboni alikuwa barazani kwa akina bwana harusi, Mtaa wa Sikukuu, kwa kuwa gauni lilikuwa kazi ya mkono wake. Gari lilitokea kona likitoka Magomeni, limejaa watu: somo aliyemfunda mwali, mashangazi, na bibi harusi katikati yao. Halikuyumba hata kidogo. Lilipita shimo la mbele ya duka la makaa kwa heshima, kama mtu mzima anayeruka dimbwi. Bi Mboni aliona fahari, na alijua sababu yake: inchi.

Vijana wanne wakalirukia bampa. Awadhi alitoa kichwa dirishani.

"Jamani, mwenyewe kakataza."

"Mwenyewe nani? Anaolewa yeye?" alisema aliyewaongoza, kijana aitwaye Abbasi, mwenye kanzu mpya na soksi nyekundu. Wakatingisha. Gari likashuka kidogo, likarudi polepole, likatulia.

"Lina nini hili? Limenuna?"

"Bibi harusi kagoma," alisema mwanamke mmoja umatini, na kicheko kikapita mtaani. Ndani ya gari shangazi mmoja akampiga Awadhi begani.

"Awadhi, mbona Bembea halichezi? Mnatutia aibu mbele za watu?"

Bi Mboni alishuka barazani, akaanza kupenya. Umati ulikuwa mnene, na hakuna aliyempisha mwanamke mwenye utepe shingoni. Abbasi akaita wengine wawili. Sasa walikuwa sita, wamekumbatiana, nusu yao wamelikalia buti kabisa.

"Moja, mbili, tatu."

Wakaruka pamoja. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu ilitoa mlio mkavu chini ya gari, upande wa kushoto, na baada ya hapo gari lilitingishika vizuri sana. Vigelegele vikapaa. Mtaa mzima ulishangilia kuvunjika kwake. Bi Mboni alifika akainama. Mafuta yalikuwa yakichuruzika vumbini, machache, meusi.

Jumapili asubuhi alikuwa Gerezani kabla Pius hajafungua banda. Fundi alitoa shokomzoba ya kushoto: fimbo imepinda, bomba limetoboka. Ya kulia ilikuwa nzima kwa macho.

"Zilifika mwisho zikagongana," alisema Pius. "Hazikuwa na pa kwenda." Akaelekeza kidole juu ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, kwenye matundu mawili ya bolti, matupu. "Hapa hukaa kipande cha mpira. Ndicho kinachopokea kishindo kabla ya shokomzoba. Kilioza kabla mimi sijalijua gari hili."

Bi Mboni aliyatazama matundu yale. Alikuwa ameyaona Alhamisi, akiwa amelala chali chini yake na utepe mkononi. Hakuyauliza.

"Awadhi," akasema, "kaniletee wale vijana."

"Wote?"

"Waliovunja wote. Na kanzu zao wavue."

Walikuja watano, wa sita alikuwa na homa ya ghafla. Abbasi hakuwa na soksi. "Shikamoo, Bi Mboni," walisema, kila mmoja nyuma ya mwenzake.

"Marahaba. Pandeni."

"Wapi?"

"Bampani. Si ndipo mnapopajua? Awadhi, jaza nafasi ya sita."

Candida na wenzake walikuwa wamekwisha ingia ndani, wanakula karanga. Bi Mboni alipiga magoti kando ya gurudumu na utepe. Shokomzoba zote mbili zilikuwa zimetolewa, springi zikawa peke yake.

"Rukeni."

Hakuna aliyeruka. Walisimama pale kama watoto wa chuoni walioambiwa waimbe mbele ya wageni.

"Jana mlikuwa na nguvu. Leo mmelala njaa? Rukeni."

Wakaruka. Mara tatu alipima, na mara ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote: inchi kumi kasoro robo. Shokomzoba inayofunga hadi kumi na moja ilikuwa imedaiwa kitu isichokuwa nacho. Akaandika namba hiyo chini ya zile za Alhamisi, kwa mwandiko ule ule.

Kitabu cha Jamnadas hakikuwa na jozi iliyofunga chini ya kumi na bado ikafunguka hadi kumi na tisa na nusu. Kwa hiyo ekseli ndiyo izuiwe njiani, kabla shokomzoba hazijafika mwisho. Pius alikata tairi kuukuu kama wanavyolikata washona makubadhi, akapanga vipande kimoja juu ya kingine, akavifunga kwa bolti katika yale matundu mawili, na vivyo hivyo upande wa kulia. Bi Mboni alitaka ekseli ikome kwenye kumi na moja na nusu. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene mno, akakirudisha. Cha pili chembamba, akakirudisha.

"Mama, hili ni tairi, si hariri," alisema Pius.

"Ndiyo sababu sikukutaka ukunje pindo."

Cha tatu kikakubali.

Ilibaki shokomzoba. Duka lilikuwa limefungwa kwa Jumapili; Champaben aliwafungulia mlango wa uani, na Jamnadas alikuwa na moja tu ya aina ile. Nyingine mpaka meli ya mwezi ujao. Na kila mtu alijua kwamba zinabadilishwa mbili kwa pamoja, ili upande mmoja usizidi mwingine. Awadhi alikaa chini akashika kichwa. Pius alisema ya kulia itafaa tu.

"Itafaa kwa sababu gani?"

"Naona hivyo."

Bi Mboni aliagiza pasi yake ya mkaa iletwe kutoka Narung'ombe. Ile shokomzoba mpya ikatundikwa kwenye boriti ikiwa imefungwa, pasi ikaning'inizwa chini, na yeye akatazama saa. Fimbo ilishuka polepole. Sekunde kumi na moja mpaka mwisho. Akatundika ile ya kulia, iliyopigwa kishindo jana. Kumi na moja. Akarudia zote mbili. Kumi na moja, na kumi na moja.

"Sasa itafaa," akasema. "Funga."

Zilipokwisha fungwa, vijana walipandishwa tena. Waliruka mpaka Abbasi akaomba maji. Gari lilishuka, likakutana na tairi, likakataa.

Jumatatu saa mbili kasorobo, mkaguzi aliweka viganja juu ya buti, akakandamiza, akaachia. Moja. Hakupata la kuhesabu zaidi. Akazunguka upande wa pili, akakandamiza kule. Akainama, akatazama chini kwa muda, akagusa kile kipande cha mpira.

"Hii haikutoka kiwandani."

"Haikutoka," alisema Bi Mboni.

"Nani kaiweka?"

"Fundi wangu, Pius. Yule pale."

Mkaguzi akakivuta mara mbili, kikakaa. Akaandika, akagonga muhuri, akamrudishia Bi Mboni karatasi yake. Namba ya teksi ilikuwa salama kwa mwaka mmoja.

Wakiwa njiani kurudi Kariakoo, Pius, aliyekaa mbele kando ya Awadhi, aligeuza shingo.

"Mama, mimi niliwasema vijana wa bampa. Tangu Alhamisi."

"Uliwasema."

"Na ukaniambia ni upuuzi."

"Upuuzi ni ule ule," alisema Bi Mboni. "Ila una uzito, na mimi sikuupima. Kosa langu. Na wewe ulisema vijana. Hukusema inchi ngapi. Siku nyingine ukija na neno, njoo na namba yake, nitakusikiliza."

Pius akafikiri.

"Na usiponisikiliza?"

"Nitatengeneza gari langu Jumapili, kama jana."

Awadhi aliendesha mpaka Msimbazi. Hapo akaliingiza gari kwenye shimo kubwa la kona, makusudi kabisa, akasubiri. Gari lilipanda, likatulia.

"Hakuna kitu," akasema kwa huzuni.

"Tazama barabara," alisema Bi Mboni.