Waziri wa Habari

"Mwenye mali yuko wapi?" nesi aliuliza, wala hakupunguza sauti.

Meza yake ilikuwa mlangoni kabisa, mbele ya benchi la wagonjwa, kwa hiyo wanawake wote waliokuwa wakisubiri walisikia. Fundi cherehani aliyesimama mbele yake aliuinamia mkoba wake kana kwamba mume angetokea humo.

"Yuko kazini."

"Basi njoo naye. Mimi simpeleki mke wa mtu kwa daktari akafungwe kizazi kimyakimya. Kesho mumeo akija hapa kunipigia kelele, utanitetea wewe?"

"Dada, nilipojifungua huyu wa mwisho nilitokwa damu nusura nife. Daktari mwenyewe alisema mimba nyingine itaondoka na mimi."

"Nimekusikia. Kamwambie mumeo hayo."

Alishamwambia. Mume hakugomba hata kidogo. Alikuna kidevu, akacheka kwa haya. "Mimi nikakae kwenye benchi la wanawake? Watu wanione?" Kisha akavaa viatu akaenda zake, na mambo mengine ya ndoa yakaendelea kama kawaida.

Fundi akajikaza. "Lakini redioni nilisikia wakisema sheria inamruhusu mwanamke..."

"Inamruhusu nini?" Nesi aliweka kalamu chini, akaegemea kiti. "Malizia basi, mama. Inamruhusu nini, na kwa masharti gani? Nifundishe kazi."

Nyuma ya fundi mtu alicheka kwa pua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akasema asante, asijue anashukuru nini, akatoka.

Sentensi ile alikuwa ameisikia mara nyingi sana. Tatizo ni kwamba aliujua mwanzo wake tu.

Katika karakana walikokuwa wakishona sare za shule, cherehani yake ilikuwa chini ya rafu ya redio, na tangu aajiriwe kazi ya kuishika redio ilikuwa yake. Mpira ukianza, anapandisha sauti. Yakija matangazo ya vifo, anapandisha, na watu wote wanaacha kushona. Mkata vitambaa ndiye aliyembandika jina la Waziri wa Habari, nalo likaganda. Alilipenda, maana nyumbani hakuwa waziri wa chochote.

Kila Jumatano, baada ya taarifa ya habari ya mchana, kilikuja kipindi cha wanawake na sheria. Muziki wake ukilia tu, wanaume wa meza ya kukatia walianza kukohoa kikohozi cha uongo, na wanawake wakainamia vitambaa vyao. Yule mtangazaji hakuwa na haya. Alitaja hedhi, alitaja kizazi, alitaja ya kitandani, mchana kweupe mbele za watu! "Sheria inamruhusu mwanamke mtu mzima..." Hapo mkono wa Waziri ulikuwa umeshafika kwenye kitufe, ukaikata sauti. Hakuna aliyemwagiza. Aliona ni heshima, na wenzake walimshukuru kwa macho. Bosi aliwahi kumsifu mbele ya wote: "Huyu mama kalelewa."

Siku hiyo aliyotoka kwa nesi ilikuwa Jumatano. Aliingia karakana amechelewa.

"Mheshimiwa Waziri," bosi alisema, "leo vipi?"

"Nilipitia hospitali."

"Unaumwa nini?"

Mikasi ilitulia mezani. Wote walikuwa wakimtazama, na wengine walimtazama tumboni.

"Kichwa tu," alisema.

Alikaa, akaanza kushona kola. Taarifa ya habari ilikuwa ndefu, ya mawaziri wa kweli na safari zao. Ilipokwisha, muziki ukalia, na mkata vitambaa akakohoa. Fundi alitoa mguu kwenye kanyagio ili cherehani isimpigie kelele, akaikalia mikono yake yote miwili. Mtangazaji alisalimia, akamkaribisha wakili, akamsomea swali la msikilizaji: je, mume akikataa kufika hospitali?

"Sheria iko wazi," wakili alisema. "Inamruhusu mwanamke mtu mzima..."

"Waziri!" mkata vitambaa aliita huku akicheka. "Umelala kazini?"

Hakugeuka. Alilielekeza sikio kwenye rafu, shingo ikamkakamaa.

Aliyekaa nyuma yake ni msichana waliyemwita Bi Harusi, kwa kuwa alikuwa ameolewa juzijuzi. Alikuwa binti msikivu, na mambo mengi ya pale karakana alijifunza kwa kumtazama Waziri. Aliinuka haraka, akapitisha mkono juu ya bega la mwenzake, akazungusha kitufe mpaka sauti ikakatika. Kisha akamshika bega kwa upole.

"Pole, dada," alimnong'oneza. "Najua kichwa kinakusumbua. Nimekusaidia."

Wanaume waliacha kukohoa. Mikasi ikaanza tena. Juu ya rafu taa ndogo nyekundu ya redio ilikuwa bado inawaka, na wakili bila shaka alikuwa bado anazungumza.

"Asante, mdogo wangu," alisema Waziri wa Habari, akarudisha mguu kwenye kanyagio.