Gari Lisilokuwa na Kifungo cha P

Tk.

Bi Amne alikuwa jikoni gizani, mguu mmoja ukitafuta ndara, aliposikia kifungo kikibonyezwa nje, chini ya dirisha. Aliijua sauti hiyo. Alichukua udhu, akaswali alfajiri, akanywa chai nusu kikombe, kisha akafungua mlango. Gari halikuwepo. Geti lilikuwa limefunguliwa na kurudishiwa vizuri, kama afanyavyo mtu mwenye adabu zake.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nane, mwaka 1998, huko Chatsworth, Durban.

"Mama Jeancy," aliita kwenye chumba cha nyuma. "Mwambie mumeo lile gari limeondoka."

Élisabeth alitoka amejifunga kitenge. Yeye, mumewe Vénérand na binti yao Jeancy wa miaka mitano walitoka Lubumbashi miaka miwili nyuma, na walikuwa wapangaji wa Bi Amne. Mchana Élisabeth aliosha watu nywele saluni. Jioni alisoma Kiingereza katika darasa la kanisani.

"Nani ameendesha, Mama?"

"Hakuna."

"Ah, bon," alisema Élisabeth, akaenda kumwamsha mumewe.

Kosa lilikuwa la Vénérand, naye hakulikana. Lubumbashi alikuwa fundi wa magari. Clairwood, kwenye yadi ya malori, aliruhusiwa kuyaosha tu, maana karatasi yake ya ukimbizi haikusema popote kwamba ni fundi. Basi Jumapili iliyopita, mikono ikimwasha, aliomba ruhusa akafungua boneti la Valiant ya Bi Amne.

Lilikuwa gari la mwaka 1961. Waamerika walilibuni baada ya kuona magari yao yamekuwa marefu kuliko safari zenyewe; na hilo waliloliita dogo, lilipofika Durban, lilibeba watoto saba na mbuzi. Vipande vilikuja kwa meli, vikaungwa Cape Town. Injini yake ya silinda sita haikusimama wima, ililala upande, kama mtu aliyeegemeza sikio ukutani. Lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kutoka kiwandani na altaneta badala ya dainamo, kwa hiyo betri yake ilijazwa hata likisubiri kwenye robot, taa za barabarani. Kifuniko cha buti kilikuwa na duara kubwa kama la tairi la spea, ingawa spea yenyewe ililala chini ya sakafu. Watoto wa Bi Amne walikiita kifuniko cha choo, wakachapwa. Gia zilikuwa vifungo kwenye dashibodi: R ya kurudi nyuma, N ya kutulia, D ya kwenda mbele, kisha 2 na 1. Kifungo cha P, cha kulifunga gari likae, hakikuwepo. Waliolitengeneza walimwachia dereva breki ya mkono.

Mzee Amuri, marehemu mumewe Bi Amne, hakuiamini breki ya mkono. Walipokuwa wakikaa Bluff, mtaa wa kilimani hapo Durban, pamoja na Wazanzibari wenzao, kila aliposimamisha gari aliweka jiwe mbele ya tairi la kulia; jiwe lile lile, kando ya mlango wa jikoni. Kisha serikali ya makaburu ikaamua kwamba Bluff ni ya wazungu. Malori yakabeba makabati na vitanda kwenda Chatsworth, na Mzee Amuri akafuata nyuma na Valiant. Jiwe lilibaki. Chatsworth aliweka tofali, na alipokufa tofali likabaki chini ya tairi.

Vénérand alisafisha plagi, akabadilisha kebo ya breki, kisha akalitazama lile tofali, akaona anatukanwa.

"Mama, frein yake sasa iko muzima kabisa. Hii tofali ni ya nini tena? Watu watasema Vénérand ni fundi wa bongo, fundi wa uongo."

Akaliondoa. Jeancy aliliokota, akalifunga mgongoni kwa kitambaa, likawa mtoto wake.

Asubuhi ile ya Ijumaa Vénérand aliliona gari akiwa ndani ya taxi, pale Clairwood, limesimama kwenye robot nyekundu katikati ya malori mawili, indiketa ikiwaka. Alilipungia mkono. Robot ilipogeuka kijani, Valiant iliondoka kwa mwendo wa lori lililobeba makabati.

Mchana Bi Amne na Élisabeth walilifuata, wakalikuta Bluff. Lilikuwa mbele ya nyumba yenye ukuta mweupe, tairi la kulia limeegemea jiwe lililokuwa katikati ya maua ya nje. Mwenye nyumba alikuwa akimwagilia maua hayo kwa mpira.

"Hilo gari ni lenu?"

"La marehemu mume wangu," alisema Bi Amne.

"Linaziba geraji yangu."

"Ndiyo. Geraji yako iko jikoni kwangu."

Mwenye nyumba alifikiri kidogo, akasema sawa, lakini liondoke kabla ya saa kumi, mkewe anarudi kazini. Akaendelea na maua.

Bi Amne alipiga magoti, akalipapasa jiwe. Mkwaruzo wa tairi ulikuwepo. Alikuwa amelitafuta jiwe hilo miaka mitatu. Serikali mpya ilikuwa inapokea madai ya waliohamishwa, na mwisho wa kupeleka dai ulikuwa tarehe thelathini na moja mwezi wa kumi na mbili. Ofisi ilitaka kujua nyumba ilisimama wapi hasa. Lakini kilima kilikuwa kimesawazishwa, njia zimechongwa upya, na sanduku la karatasi zake lilidondoka kutoka kwenye lori siku ile ya kuhama. Mara tatu alikuja Bluff, mara tatu akazunguka na kurudi.

"Mama, sasa uko na shahidi," alisema Élisabeth.

"Shahidi mwenyewe hana mdomo."

"Tutamwandikia."

Kila Ijumaa likaenda. Mwezi wa kumi karani wa ofisi ya madai alilipanda, akakaa kiti cha nyuma, fomu mapajani. Hakuuliza nani anashika usukani. Fomu haikuwa na swali hilo. Walipofika alipima mkwaruzo kwa rula, akapima na tairi.

"Inalingana," alisema. "Jina la shahidi?"

"Valiant," alijibu Élisabeth.

"Jina la baba?"

"Amuri," alisema Bi Amne.

"Atie sahihi hapa."

Élisabeth aliiweka fomu chini ya injini. Wakangoja. Tone moja la oili liliangukia juu ya mstari, sawasawa. Karani alilikausha kwa kitambaa chake cha mfukoni, akagonga muhuri.

Barua ilikuja wiki moja kabla ya Krismasi. Élisabeth aliisoma kwa sauti jikoni, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, polepole, maana alitaka kila neno alishike sawa.

"Wanasema maelezo ya shahidi ni ya kweli. Wanasema mahali panajulikana sasa." Aligeuza karatasi. "Lakini shahidi alizaliwa Amerika. Kibali chake cha kukaa nchini hakikuambatanishwa. Kikipelekwa kabla ya tarehe ya mwisho, dai litasikilizwa."

Neno kibali ndilo la kwanza alilojifunza kwa Kiingereza Durban, kabla ya darasa la jioni.

"Eish," alisema Vénérand. "Hata gari?"

"Huyo karani alikuwa hajazaliwa, gari liko hapa," alisema Bi Amne.

Élisabeth hakukata tamaa. Foleni ya vibali aliijua. Alikuwa akiipanga kila mara karatasi yake mwenyewe ilipokwisha muda. Jumatano, tarehe thelathini, alilipeleka gari ofisi ya vibali. Lilikaa nyuma ya mama mmoja wa Bukavu na mbele ya vijana wawili wa Goma. Foleni iliposogea hatua moja, nalo lilisogea hatua moja. Tk, D. Tk, N. Jua lilipokuwa kali, akina mama wenye watoto wachanga waliingia kukaa ndani yake. Saa tisa likafika mlangoni.

"Jumatano ni Wakongomani," alisema askari wa mlangoni. "Magari ni Alhamisi."

Alhamisi, siku ya mwisho ya kupeleka dai, walirudi mapema. Mlango ulikuwa na karatasi: ofisi imefungwa kwa ajili ya mwaka mpya. Élisabeth aliisoma mara mbili, akatumaini kuna neno ambalo hajajifunza bado. Hapakuwa na neno kama hilo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, mosi Januari. Valiant ilibonyeza kifungo chake kama kawaida. Safari hii waliingia wote; Bi Amne mbele, kando ya usukani usio na mtu, Élisabeth na Vénérand nyuma, Jeancy katikati na mtoto wake mgongoni. Clairwood ilikuwa tupu. Robot zote walizipata kijani, lakini gari halikuongeza mwendo.

Mwenye nyumba alikuwa ameweka sementi mbele ya ukuta. Maua yaling'olewa, na jiwe lilikuwa limekwenda na kifusi. "Salaam za mwaka mpya," aliwaambia kutoka dirishani, akarudi kwenye kifungua kinywa chake.

Gari lilifika pale pale. Likasogea mbele kidogo, likitafuta. Tk, likarudi nyuma. Tk, mbele. Tk, nyuma. Vénérand alijinyoosha kutoka nyuma, akavuta breki ya mkono, kebo ile ile aliyoifunga kwa mikono yake, gari likaendelea.

"Breki iko muzima," alisema taratibu. "Mimi ndiye sikujua tofali ni ya nini."

Bi Amne alikaa mikono mapajani, akienda mbele na nyuma pamoja na gari, akitazama ukuta.

Jeancy alimpita mama yake, akafungua mlango gari likiwa linageuza gia, akashuka. Alifungua kitambaa mgongoni, akalitoa tofali, akalipangusa uso. Akalilaza mbele ya tairi la kulia, akalisukuma kwa viganja viwili mpaka likakaa. Injini ikazimika.

Mtoto alilipigapiga gari kwenye boneti.

"Kaa, hapa ni kwenu."