Godoro Lisilobonyea

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, shimo la godoro lilikuwa na kina cha sentimita kumi na moja. Karani wa mizani alilipima mwenyewe. Alitandua shuka, akavuta uzi kutoka ukingo mmoja wa godoro hadi wa pili, kisha akasimamisha rula chini ya uzi, upande anaolala yeye. Kumi na moja. Katikati, saba. Upande wa mumewe hapakuwa na shimo la kupima, kwa sababu mumewe alikuwa hajalala hapo kwa miezi kumi na minne.

Alifanya kazi kwenye mizani ya malori katika ghala la nafaka, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: lori linapimwa likiingia na mzigo, linapimwa tena likitoka tupu, tofauti ndiyo nafaka. Madereva walimwita Mama Tani. Mbele yake walimaanisha kazi. Nyuma yake walimaanisha mwili, naye alizijua maana zote mbili na aliziitikia kwa sauti ileile. Makadirio hakuyakubali. Dereva akisema, "Weka tu kumi na nane, Mama Tani, mbona tunajuana," alijibu kwamba mizani haijuani na mtu, akamrudisha nyuma apime upya.

Mumewe alikuwa fundi wa miwani, mtu mwembamba, mpole, asiyependa kuvutana. Siku aliyohamia sebuleni alibeba mto na blanketi moja, akaeleza kwa sauti anayotumia kumweleza mteja habari za lenzi.

"Mke wangu, nabingirika. Nikilala pale nateremka mpaka ubavuni kwako, naamka mkono umekufa ganzi. Siku tukipata godoro lisilobonyea, nitarudi."

Yeye aliyapokea maneno hayo kama anavyoyapokea maneno kazini. Kulikuwa na sharti, na sharti hilo lilipimika.

Alianza na lile la zamani. Aliligeuza juu chini, akalizungusha miguuni kichwani, akaweka ubao chini yake. Shimo lilirudi kila mara. Asubuhi ile ya uzi na rula ndipo alipolihukumu kwamba limekufa.

Kisha akajipima yeye. Mizani ya malori inasoma kwa hatua za kilo ishirini ishirini, kwa hiyo Jumatatu alisubiri wapakuaji waende kula, akapanda kwenye mizani ya magunia. Kilo mia moja thelathini na nne na nusu. Aliandika kwenye daftari lake dogo, na ile nusu hakuiacha. Za mumewe alizijua kutoka kwenye karatasi ya kliniki: hamsini na nane. Jumla, mia moja tisini na mbili na nusu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alimsindikiza dukani. Wifi alikuwa mshonaji wa mapazia, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Kaka muuzaji," alisema wakiwa bado mlangoni, "tunataka godoro la kumbeba huyu pamoja na kaka yangu. Kaka yangu usimhesabu sana, yule ni kama foronya."

Muuzaji alicheka kwa adabu. "Karibuni. Kwa watu wenye afya zao tuna hili, memori fomu. Linashika umbo la mwili, ukiinuka linarudi lenyewe. Lala ujaribu, mama."

"Sponji yake ina uzito gani?" aliuliza karani.

"Hili ni gumu kabisa, mama."

"Ugumu sijakuuliza. Sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu leo, baada ya miezi mitatu imelegea. Mita moja ya ujazo ina kilo ngapi?"

Muuzaji aliinama kusoma lebo. "Hamsini."

Kaunta ilikuwa na vipande vya sampuli. Karani aliomba kimoja, akakipima kwa rula: sentimita kumi kila upande. Kipande cha namna hiyo ni lita moja, na gramu zake ndizo kilo za mita nzima ya ujazo. Akatoa mzani mdogo wa jikoni kwenye mkoba, akauweka kwenye kaunta, akakilaza kipande juu.

"Thelathini na moja," alisema.

"Labda mzani wako umechoka, mama."

"Nimeujaribu kwa jiwe la gramu mia kabla sijatoka nyumbani."

"Twende, wifi," alisema dada wa mumewe. "Hawa watakuuzia mkate."

Maduka mengine mawili yalitoa majibu ya aina hiyo. La nne halikuwa duka. Lilikuwa karakana ya fundi sponji, mzee mwenye vumbi jeupe kwenye kope, anayekata na kugundisha magodoro ya kuagizwa. Alipoona mzani alivuta kiti, akakata vipande viwili bila kuombwa. Memori yake ilisoma gramu themanini na mbili. Sponji ya kubeba, inayokaa chini, ilisoma arobaini na moja.

"Miaka yote hii," alisema fundi, "wewe ndiye wa kwanza kuja na mzani. Wenzako wanakuja na vidole, wanabonyezabonyeza kama wananunua parachichi. Una kilo ngapi? Nipe za kweli, za kuwaambia watu kaa nazo."

"Mia moja thelathini na nne na nusu."

Wifi aliangalia pembeni. Mara hii hakuwa na mzaha.

"Sasa sikiliza. Wengi wenye mwili wako wanataka memori nene, wanadhani unene ndio raha. Utazama kama uko kwenye tope, hata kugeuka utashindwa. Nakuwekea sentimita sita tu juu. Chini ishirini na mbili za kubeba. Chaga za kitanda zimeachana kiasi gani?"

"Sentimita kumi na tano."

"Ongeza nyingine, zisiachane zaidi ya saba. Na uweke mguu katikati. Usipofanya hivyo utakuja kulilaumu godoro kwa kosa la kitanda."

"Nikigeuka, wa pembeni atasikia?"

"Mzee? Hatasikia kitu. Utageuka mara kumi, yeye kimya."

"Hilo ndilo ninalolitaka," alisema karani. "Arudi kitandani."

Wifi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Karani alikiona kitendo hicho. Hakukiandika, kwa kuwa hakikuwa na kipimo.

Seremala aliongeza chaga na mguu. Godoro lililetwa siku ya Alhamisi, futi sita kwa sita. Kabla ya kulitandika karani aliweka bilauri ya maji upande wa mumewe, akaketi upande wake kwa uzito wote, akainuka, akaketi tena. Maji yalitikisika ukingoni, hayakumwagika. Mumewe aliporudi kutoka kazini alibonyeza kwa kiganja.

"Godoro zuri," alisema, na usiku huo alilala hapo.

Asubuhi uzi ulionyesha nusu sentimita. Saa moja baadaye, hakuna. Karani aliandika: siku ya kwanza, watu wawili. Siku ya pili, watu wawili. Aliandika pia kwamba mumewe alilala ukingoni kabisa, mgongo kwake, lakini alichukulia hilo kuwa ni mazoea ya kochi ambayo yangeisha.

Siku ya tatu mumewe alisema godoro lina joto. Karani alitoa kifuniko kinene, akashona cha pamba nyepesi, akasogeza kitanda karibu na dirisha. Siku ya tano alisema linanuka gundi. Likasimamishwa ukutani siku nzima, madirisha wazi. Siku ya saba alisema shingo inamuuma. Ukanunuliwa mto wa chini zaidi. Kila sababu aliipokea kama hitilafu ya mashine, akairekebisha, akaandika tarehe.

Siku ya tisa, mtu mmoja. Siku ya kumi, mmoja. Sababu haikutolewa tena.

Siku ya kumi na mbili maumivu ya mgongo, aliyokuwa nayo kwa miaka mitatu, hayakuwepo alipoamka. Aliandika hilo pia.

Jumapili, siku ya kumi na nane, mumewe alikwenda kumpelekea mteja miwani. Karani alichukua uzi na rula, akaenda sebuleni. Kochi lilikuwa na shimo la sentimita sita. Chini ya mto wa tatu palikuwa na ubao uliogusika kwa mkono, ukikata mahali panapolala kiuno. Kutoka mkono wa kochi hadi mkono wa pili, sentimita mia moja na hamsini. Mumewe ana urefu wa mia moja sabini na mbili. Kwa miezi kumi na minne alikuwa analala amekunja magoti.

Alipima mara ya pili kuhakikisha.

Mumewe alirudi saa saba mchana. Karani alipakua chakula, akaliweka daftari kando ya sahani.

"Godoro lina shimo?"

"Halina."

"Unabingirika?"

"Hapana."

"Joto je?"

"Limekwisha."

"Kochi lina shimo la sentimita sita. Lina ubao kiunoni. Na ni fupi kuliko wewe kwa sentimita ishirini na mbili."

Mumewe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, jambo ambalo dukani kwake huwakataza wateja.

"Mpaka kochi umelipima," alisema.

"Ulisema tukipata godoro lisilobonyea utarudi."

"Nilisema, mke wangu. Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

"Huo ungeupima kwenye mizani ipi?"

Hakuyasema kwa hasira. Alivaa miwani, akakata mboga kwa ncha ya kijiko, akaendelea kula. Baadaye aliomba chumvi. Karani akamsogezea.

Kesho yake alipotoka kazini alipitia kwa wifi. Wifi alikuwa ametandaza pazia mezani, pini mdomoni.

"Ulikuwa unajua," alisema karani.

Wifi alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Nilijua. Aliniambia zamani, lile godoro la kwanza hata halijabonyea. Alisema anatafuta namna ya kuondoka mle chumbani bila kukuumiza. Shimo lilipotokea akashukuru."

"Ukanisindikiza maduka yote yale."

"Nifanyeje, wifi? Yule ni kaka yangu." Akavuta pazia, akalinyoosha mahali palipokuwa tayari pamenyooka. "Na nilisema moyoni, angalau wewe ulale. Mgongo wako vipi?"

"Hauumi."

"Basi."

"Basi," alisema karani, akaondoka.

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, fundi sponji alifika na kisu kirefu chenye meno, chaki na ubao wa kunyooshea. Alilizunguka godoro akiligonga kwa ngumi, kama mtu anayemkagua mtoto wake aliyerudishwa kutoka kwa majirani.

"Mama, hili hata mwezi halijamaliza. Lina kasoro?"

"Halina."

"Linakubeba?"

"Linanibeba vizuri."

"Sasa tunakata nini?"

"Futi tatu na nusu zangu. Mbili na nusu za mwenzangu."

Kutoka alipokuwa amesimama fundi aliweza kuona sebule, kochi, mto na blanketi lililokunjwa vizuri. Alipiga mstari wa chaki, akapiga magoti. Sponji ilikatika bila kelele. Mkato ulionyesha tabaka zote mbili, na karani aliinama na rula: sita juu, ishirini na mbili chini, kama alivyoagiza. Alimwambia fundi kwamba kazi yake ilikuwa sahihi.

Kipande kidogo walikibeba wawili hao, wakakilaza sakafuni, kando ya kochi. Mumewe alitoka bafuni, taulo begani. Alikitazama, akachuchumaa, akakibonyeza kwa kiganja mara moja.

"Kinanitosha," alisema.

Saa tano na dakika ishirini karani alikitandika shuka.