Mtu wa Jina Hilo

Vichapo tisa mfululizo! Chuo cha kijeshi cha Bexley, huko Virginia, kilikuwa kimegeuka shamba la bibi, na sasa ilibaki mechi moja tu, dhidi ya mahasimu wao wa ng'ambo ya mto. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kukumbatia mpira na kugongana vichwa, na katika kichapo cha tisa Dell Rusk, mrusha mpira wao, aligongwa mpaka akasahau leo ni siku gani.

Kazi ya Amory Teague uwanjani ilikuwa kumkinga Dell, na walilala chumba kimoja. Yeye ndiye aliyemshikia ndoo siku tatu akitapika.

"Usinichomee utambi, ndugu yangu," Dell alimwambia. "Miezi sita tu niwe luteni. Acha nimshinde mtu hata mara moja."

"Bwege wee, utakufa. Mwambie daktari."

Daktari akamuuliza Dell kama ametapika. "Hapana, afande." Amory alikuwa pale pale, akitazama viatu vyake. Pale Bexley ukilewa unasamehewa, ukipigana unasamehewa, ukidanganya, unafukuzwa. Amory alilijua hilo, akanyamaza, maana na yeye alikuwa na uchu wa kushinda.

Na wakashinda! Kumi na saba kwa kumi na nne. Dell akabebwa juu juu, na huko huko mabegani mwa watu akatapika, chuo kizima kikiona.

Jumatatu baraza la heshima, la wanafunzi wenzao wanaohukumu waongo, likamwita Amory.

"Alikuwa anatapika kabla ya mechi?"

"Hapana" moja tu ingemwokoa Dell. Amory akasema, "Ndiyo." Yeye wakamsamehe, eti kwa kuwa amesema kweli.

Kesho yake alfajiri ngoma zikapigwa, kikosi kizima kikapangwa uwanjani. Dell akapita katikati na sanduku lake, akiyumba, na kila mmoja akampa mgongo, Amory naye. Mkuu wa baraza akatangaza: jina la mtu huyu lisitajwe tena hapa. Hadi wakati wa staftahi saini ya Dell ilikuwa imekwanguliwa ikafutika kwenye mpira wa ushindi, ule waliotia saini wachezaji wote.

Jumatano, simu ya koridoni ikalia. Amory akapokea.

"Amory, mwanangu? Ni mama yake Dell. Basi limefika tangu jana, yeye hayumo. Alisema kichwa kinamuuma. Kimempata nini? Niambie tu, nijue hospitali gani nikaulize."

Korido ilikuwa imejaa vijana, wote wanamtazama. Amory alitaka kulia.

"Mama," akasema, "hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Dell, baba," mama akasema polepole, kana kwamba simu haisikiki vizuri. "Dell wangu. Si mnalala chumba kimoja?"

Amory akakata simu. Mmoja wao akampigapiga begani, akamwambia amefanya vizuri, wakaenda kula.